Simu Iliyoonekana Kinyinya

Nondo iliyomvunja dada yangu mkono haikutoka mbali. Shemeji aliiokota kwenye kiwanja cha jirani, pale Kinyinya, pembeni mwa Kigali, ambako kila nyumba iliyokwisha ina mbili nyingine zinazojengwa ubavuni mwake. Alifika mikono mitupu, asubuhi, jua limeshapanda na mafundi wanachanganya zege. Akawasalimu. Akainama kwenye lundo la vipande vilivyokatwa, akachukua kimoja, akakirudisha, akachukua kingine. Kwa shati lake jeupe na viatu vyake vilivyong'aa, mafundi walidhani ndiye mwenye kiwanja aliyekuja kukagua mali yake.

Kisha akavuka barabara ya vumbi, akasukuma geti la mama mzee aliyempangisha dada yangu chumba, akaingia.

Mimi sikuwapo. Ninayoyasema hapa nimeyapata kwa dada, kwa yule mama mzee, na kwa mafundi, na mwisho wake niliuona mwenyewe.

Dada alikuwa anashona, mgongo ameuelekeza mlangoni. Kazi yake ni nguo za harusi, mishanana, yale mavazi ya kufungia begani, ya bibi harusi na ya wasimamizi, na cherehani yake ya umeme ilikuwa inanguruma, kwa hiyo hakusikia hatua. Pigo la kwanza lilitua begani. Anasema alidhani dari imeporomoka. La pili alilikinga kwa mkono wa kulia, na mfupa ukakatika chini ya kiwiko. Mama mzee alikuwa jikoni anachambua maharage, na mpaka leo anashikilia kwamba aliusikia mfupa kabla hajasikia kilio. La tatu lilimkosa dada likaipata cherehani, likaibomoa kichwa. Dada akaingia chini ya meza ya kukatia vitambaa. Shemeji akaipindua meza.

"Miaka yote alikuwa akinipiga huku ananitukana," dada aliniambia. "Siku ile alikuwa kimya. Nikajua leo hakuja kunipiga."

Alimpiga mbavuni, akampiga pajani, akampiga mgongoni alipojaribu kutambaa kuelekea mlango. Kitambaa cheupe cha bibi harusi fulani kilikuwa kimemzonga miguuni, na damu ilikuwa imeshaanza kukiloanisha. Mama mzee alitoka hadi getini akapiga mayowe kwa Kirundi, akapiga kwa Kinyarwanda, akamalizia kwa Kiswahili cha Bujumbura alikokulia.

Fundi mmoja akaacha sepetu. "Iko mutu anaua mwanamuke mule ndani!" akawaitia wenzake, na wote wakakimbilia getini.

*

Tulizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wetu wakiwa wakimbizi. Watu husema tulirudi Rwanda, ingawa mimi na dada tulikuwa hatujawahi kuiona. Nyumbani kwetu Kigali tuliendelea kusema Kiswahili cha kule tulikotoka, na majirani walituita Watanzania kwa miaka mingi. Dada ni mkubwa kwangu. Aliolewa na mtu aliyependwa na watu: msimamizi wa mizigo uwanja wa ndege, mwenye sauti nzuri kanisani, wa kwanza kubeba viti msibani. Walikaa Kanombe, karibu sana na njia ya ndege.

Ndege zilimsaidia shemeji. Alikuwa akingoja ndege ianze kuruka ndipo ampige, maana mngurumo wake ulifunika kila kitu, na majirani walioko upande wa pili wa ukuta wasingesikia. Dada alifikia mahali ambapo akisikia injini zinawashwa tu, anajikinga kichwa. Nililijua hili akiwa ameshaishi nalo muda mrefu. Nilimkuta siku moja hana jino la mbele. Akasema ameanguka bafuni. Nilipouliza tena akanikazia macho, akasema, "Mdogo wangu, usinilazimishe kusema uongo mara mbili."

Tuliwaendea wazee wa ukoo, tukaenda na kwa mchungaji. Walimketisha shemeji, wakamwonya, akalia machozi ya kweli, akaomba radhi, wakashikana mikono. Wiki iliyofuata alimshika dada akambandika pasi ya moto pajani, akamwambia, "Hiyo ndiyo ya kunisema kwa wazee."

Dada aliondoka akiwa anachechemea. Mama mzee wa Kinyinya alikuwa mteja wake, alikuwa amemwambia zamani, bila kuulizwa, "Siku ukichoka, iko chumba kwangu." Dada akaenda na mkasi wake, nguo mbili, na simu. Laini ya simu akaitupa, akanunua mpya. Waliojua alipo ni mimi na mwenye nyumba tu. Simu yenyewe hakuitupa. Ilikuwa kuukuu, kioo kimepasuka, lakini ndani yake mlikuwa na vipimo vya wateja, picha za mitindo, makubaliano ya harusi zote zilizokuwa mbele yake. Bila hiyo angeanza maisha mapya bila kazi.

Na mimi, ambaye kazi yangu ni mtandao, sikuona ubaya wowote. Laini mpya, nyumba mpya, mtaa mpya. Nilimwambia sasa yuko salama.

Muda si mrefu vitisho vikaanza. Viliingia kwenye ukurasa wake wa biashara, kutoka kwa akaunti isiyo na jina, yenye picha ya ua. Kimoja kilisema: "Nitakukata vidole, ushone kwa meno." Kingine: "Hata ukijificha kaburini nitakufukua nikuue tena." Dada hakuvifuta. Alivihifadhi vyote, akanionyesha, akasema kwa sauti kavu kabisa, "Angalau hajui niko wapi."

*

Nilikuwa ofisini Kiyovu simu ilipoingia. Mama mzee alisema maneno mawili tu, "Kuja sasa," na nyuma yake nikasikia mtu analia kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa ya dada yangu.

Nilipanda pikipiki nikamwambia dereva akimbie. Nilipofika, geti lilikuwa wazi na ua umejaa wanaume wenye vumbi la saruji hadi kwenye kope. Shemeji alikuwa chini, amefungwa mikono na miguu kwa waya mwembamba wa kufungia nondo, na waya ulikuwa umemkata ngozi. Mafundi walikuwa wamempiga vya kutosha. Jicho moja lilikuwa limefumba, mdomo umepasuka, shati jeupe halikuwa jeupe tena. Fundi mmoja kijana alikuwa amesimama juu yake ameinua sepetu kwa mikono miwili.

Kati ya sepetu na kichwa cha shemeji alikuwa amekaa mama mzee. Alikuwa ameleta kigoda chake kutoka jikoni, akakiweka pale pale kwenye damu, akakaa, kanga amejifunga vizuri kiunoni.

"Mu nyumba yangu hapana," alisema. "Mimi nilisha ona watu wengi banaua mutu moya. Nilisha ona. Teremusha hiyo kitu."

Sepetu ilikaa juu kwa muda. Kisha yule fundi akaiteremsha, akaenda ukutani, akatapika.

Dada alikuwa kwenye kibaraza, amelazwa juu ya godoro. Mkono wake ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Nilipiga magoti, nikamshika kichwa. Akaniambia, "Kile kitambaa ni cha harusi ya Jumamosi," na akazimia.

Hapo ndipo niliposimama nikamwendea shemeji. Sijui nilitaka kufanya nini. Nadhani nilitaka kumaliza kazi ya yule fundi, ila mama mzee alikuwa bado kwenye kigoda chake na nilimwona akinisoma mikono. Shemeji akatema damu pembeni, akanitazama kwa jicho moja.

"Ulinifichia mke wangu, shemeji," alisema. "Lakini waifai yenu haifichi kitu. Simu yake inalala kwa huyu mukecuru, huyu bibi kizee, kila siku. Ukitaka nikutajie na siku aliyofika."

Polisi wakaingia, na nyuma yao gari la wagonjwa. Nilikwenda na dada hospitali. Njia nzima, kila gari lilipopanda tuta alizinduka akapiga yowe, nami nilikuwa nimeshika chupa ya dripu juu ya kichwa chake huku sentensi moja ikinizunguka: waifai yenu haifichi kitu. Alisema "yenu."

Daktari alifunga mfupa kwa vyuma na skrubu. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Akasema figo ina jeraha lakini itapona.

*

Mimi ni mtu wa nyaya na minara. Kampuni yetu ilikuwa ndogo, inapeleka intaneti majumbani, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha inafika. Kilichohifadhiwa kwenye seva hakikuwa kazi yangu, ila kikao cha kuanzisha jambo hilo nilikaa.

Sheria ilikuwa imetutaka tuhifadhi kumbukumbu za wateja wetu kwa muda uliowekwa: nani aliunganishwa, lini, kwa anwani ipi ya mtandao, ili wapelelezi wakija na hati ya kisheria wapate jibu. Hakuna aliyepinga. Kila mmoja wetu alikuwa na ndugu aliyeibiwa kwa simu, au binti aliyetukanwa mtandaoni. Swali lililotukalisha kikaoni lilikuwa moja: tuhifadhi nini hasa, na tukiweke wapi? Mkurugenzi alikuwa amechoka. Akasema, "Wekeni vyote. Kufuta ndiko kutakakotuletea kesi."

Basi vikawekwa vyote vilivyowekeka. Ruta tulizofunga majumbani kwa watu zilikuwa zikituletea habari ya kila kifaa kilichojiunga: simu gani, televisheni gani, kwenye nyumba gani. Sheria haikuwa imeomba hayo. Lakini zilikuwa habari nyepesi, hazijazi diski, kwa hiyo zikabaki. Simu ya dada ilikuwa imeonekana kwa miaka kwenye ruta ya nyumba yake ya Kanombe. Mama mzee naye alikuwa mteja wetu. Mwanawe aliye Kanada alimlipia intaneti ili waonane kwa video. Jioni ya kwanza dada alipoomba neno la siri la waifai ili amjibu mteja, simu ile ile ikaandikwa Kinyinya. Laini ilikuwa mpya, ila chombo kilikuwa kile kile.

Kutafuta chombo kimoja kimeonekana wapi na wapi kulihitaji mtu akae mbele ya kompyuta ya huduma kwa wateja, aandike, abonyeze. Na pale kwenye dawati la huduma kwa wateja alikuwepo mwenzetu mmoja ambaye shemeji alikuwa akicheza naye mpira kila Jumapili. Nilikuwa nimewatambulisha mimi, kwenye harusi ya mtu.

Nilimkuta mezani kwake asubuhi iliyofuata, anakunywa chai. Wateja watatu walikuwa wameketi mbali kidogo, wasikoweza kutusikia, wanasubiri zamu.

"Ulimtafutia shemeji yangu simu ya mkewe?" nilimwuliza.

Aliweka kikombe chini. Hakuonekana kushtuka, na hilo liliniumiza kuliko uongo. "Kaka, alikuja kwangu analia," alisema. "Alisema mke wake amechanganyikiwa, ametoroka nyumbani bila dawa zake, atakufa huko aliko. Mtu analia mbele yako, ungefanya nini?"

"Ulimwambia nini?"

"Kinyinya tu. Na jina la mwenye nyumba. Niliona nasaidia familia. Vipi, wamepatana?"

Nilimpiga kabla hajafunga mdomo. Nilimpiga ngumi ya pua, na nikasikia kitu kinaachia chini ya vifundo vyangu kama ganda la yai. Kiti chake kikaanguka nyuma naye nacho. Nikamfuata chini. Nikampiga mdomoni, nikampiga sikioni, nikamshika kola nikamgongesha kichwa kwenye mguu wa meza mara nyingi nisizozihesabu. Mama mmoja kati ya wateja alikuwa anapiga kelele, akimwita Yesu wake kwa Kinyarwanda, "Yezu wanje! Yezu wanje!" Mlinzi alinikumbatia kwa nyuma na kuninyanyua mzima mzima, na hata nikiwa hewani nilimpiga mwenzangu teke la bega.

Chai ilikuwa imemwagika kwenye kibodi. Kwenye ukingo wa kioo cha kompyuta kulikuwa na karatasi ndogo ya njano, imeandikwa neno la siri ambalo idara yote ilikuwa ikilitumia.

*

Karatasi hiyo ndiyo iliyomwokoa. Mkurugenzi alipotuita, mimi nikiwa na vifundo vilivyovimba na mwenzangu akiwa na pamba puani, mwenzangu alikana kila kitu. Eti hakuwahi kutafuta simu ya mtu. Shemeji yangu alimfahamu kwa salamu tu. Eti nilimpiga kwa sababu nimechanganywa na mkasa wa dada yangu, na yeye kama Mkristo amenisamehe.

"Angalieni kwenye mfumo," nikasema. "Angalieni nani alifungua."

Mkurugenzi akamwita mtu wa seva. Mtu wa seva akajikuna kidevu. Mfumo ulikuwa unahifadhi vyombo vya wateja. Aliyevifungua kuvitazama haukumhifadhi. Na hata ungemhifadhi ungeandika jina moja tu, jina la idara, kwa kuwa wote kumi na kitu walikuwa wakiingilia mlango mmoja.

"Una ushahidi mwingine?" mkurugenzi akaniuliza.

"Dada yangu ana vyuma mkononi."

"Huo ni ushahidi dhidi ya mumewe. Wewe umemvunja mtu pua mbele ya wateja, na nina mashahidi watatu."

Nikasimamishwa kazi siku hiyo hiyo.

Lakini niliitwa tena baada ya muda mfupi, kwa shughuli nyingine. Mpelelezi wa kesi ya dada, mwanamke mtaratibu wa umri wangu, alikuwa amefuatilia vile vitisho vya akaunti ya ua. Wenye mtandao ule wa kijamii walikuwa wamempa anwani na saa ya kila ujumbe. Anwani ilikuwa ya kampuni yetu. Akaja na hati yake, kila kitu kwa mujibu wa sheria, akataka jina. Mkurugenzi akanipigia nije nieleze, kwa sababu kugawa anwani kulikuwa upande wangu.

Nilikaa mbele ya mpelelezi nikamweleza. Anwani aliyonayo haikuwa ya nyumba moja. Anwani za kununua ni chache na ni ghali, kwa hiyo kilima kizima cha Kanombe kilikuwa kinatoka kwenye anwani moja, kama kambi ya askari yenye geti moja. Ukiambiwa mtu katoka getini saa fulani, hujui katoka nyumba ipi, isipokuwa mlinzi awe anaandika kila anayetoka na kila anayeingia, kila sekunde, usiku na mchana. Tulikuwa na mlinzi wa namna hiyo. Tulimzima wenyewe. Maandishi yake yalijaza diski zote kabla mwezi haujaisha, na mfumo ukawa unasimama, na wateja wanapiga simu kutukana.

"Lakini sheria inasema mhifadhi," mpelelezi alisema.

"Tumehifadhi," mkurugenzi akajibu haraka.

"Mmehifadhi nini?"

"Anwani. Saa. Vifaa."

Mpelelezi alitazama hati yake, akanitazama mimi. Alikuwa anajua mimi ni nani kwa yule mwanamke. Akasema polepole, "Kwa hiyo mnajua simu ya mwanamke ililala nyumba gani. Ila mwanamume aliyeandika atamkata vidole, hamumjui."

"Zile habari nyepesi tunaziweza," mkurugenzi alisema. "Nzito hatuziwezi. Hata kampuni kubwa—"

"Sijakuuliza kampuni kubwa."

Alipata kutoka kwetu orodha ya watu wote waliokuwa kwenye anwani ile saa zile. Majina yalikuwa mamia. Shemeji alikuwamo, na mchungaji wao alikuwamo, na nyumba za wanajeshi, na zahanati. Alikunja karatasi zake akaziweka mkobani kwa namna ya mtu anayeweka takataka mfukoni kwa kuwa hakuna pipa karibu.

Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za nje. Kiyovu ilikuwa imetulia, miti inadondosha maua juu ya magari ya watu wa balozi. Nilitamani kurudi ndani nikavunje kila kitu. Nikashuka ngazi, nikaondoka.

*

Mahakamani shemeji alisema alikwenda kumbembeleza mkewe. Nondo aliichukua kwa kuogopa mbwa. Mama mzee akasema kwa sauti kutoka kwenye benchi kwamba hajawahi kufuga mbwa maishani mwake, na hakimu akamwonya angoje zamu yake.

Vitisho havikupokewa. Wakili wa shemeji alisimama akauliza nani anaweza kuapa kwamba ni mteja wake aliyeviandika kati ya mamia ya watu, na hakuna aliyeapa. Nilidhani hapo kesi imekufa, kwamba itabaki ugomvi wa mume na mke uliozidi kipimo. Kilichoiokoa ni mafundi. Walikuja na nguo zao za kazi kwa kuwa walikuwa wameomba ruhusa ya saa chache tu. Mmoja baada ya mwingine wakaeleza alivyoinama, alivyochukua kipande cha kwanza akakirudisha, alivyochukua cha pili akakipima uzito kwa kukipigapiga kwenye kiganja.

"Kwa nini alirudisha kile cha kwanza?" hakimu akauliza.

"Ilikuwa nyepesi," fundi akajibu.

Dada naye alisimama, akakunja mkono wa blauzi hadi juu. Kovu lilikuwa bado jekundu. Hakulia. Alisema tu yaliyotokea, kwa mpangilio, kama anavyosoma vipimo vya mteja.

Hukumu iliposomwa, miaka mingi kuliko nilivyotarajia na michache kuliko nilivyotaka, shemeji alipita mbele ya benchi letu, sisi tukiwa tumesimama, akiongozwa na askari. Ghafla akalipiga benchi teke kwa nguvu zake zote. Lilimkosa dada, likaangukia mguu wa mama mzee na kumvunja kidole. Mama mzee hakupiga kelele. Aliinua mwavuli wake akamchapa nao shemeji shavuni, pigo moja lililosikika hadi nje, kabla askari hawajamkandamiza mtu wao chini, goti mgongoni. Hakimu alipiga meza akiita utulivu. Dada alikuwa ameshajikunja chini, amejikinga kichwa kwa mikono yote miwili, na ilibidi nimwambie mara kadhaa kwamba imekwisha ndipo ainuke.

*

Kazini sikurudi. Sasa najitegemea, nachimbia nyaya kwenye nyumba mpya, na Kinyinya haikosi nyumba mpya. Mwenzangu wa zamani yuko kampuni nyingine, dawati lile lile. Tulikutana dukani mwaka huu. Pua yake imekaa upande. Alisema, "Kaka, bado unanichukia?" Nilihisi vifundo vinawasha. Nikamwambia ndiyo, nikalipia mkate wangu, nikatoka. Wale niliobaki nao kwa urafiki wananiambia kampuni imenunua diski kubwa zaidi. Kila mtu amepewa neno lake la siri pia, na wengine wameshayabandika kwenye ukingo wa kioo.

Dada hakuhama. Nilimsihi ahame, nikamtafutia nyumba mbali, akakataa. "Yeye anajua ninapokaa," alisema. "Na mimi najua anapokaa." Mkono haunyooki wote. Amejifunza kukata kwa mkono wa kushoto, na mwanzoni aliharibu vitambaa akavirusha ukutani kwa hasira, akavunja na kioo. Mama mzee humshikia upande wa pili wa kitambaa. Wanagombana siku nzima, kwa Viswahili viwili tofauti.

Hivi karibuni aliniita nimfungie intaneti yake mwenyewe, kwenye chumba cha kushonea. Nilikataa. Nikamweleza tena yote: ruta, vifaa, seva, mtu asiyemjua anayeketi mahali anakunywa chai.

"Wateja wanatuma picha," alisema. "Nikiwajibu kesho, wanakwenda kwa mwingine. Nishone kwa kujificha mpaka lini?"

"Mpaka wawe na adabu."

"Nani, wewe ndiye utakayewafundisha? Ulishamvunja mtu pua, wamejifunza nini?"

Nikatoboa ukuta, nikavuta waya. Taa za ruta zilipowaka alikuja akasimama nyuma yangu, simu mpya mkononi, akaandika neno la siri kwa kidole gumba cha kushoto. Nilimwona amekaza meno, kama mtu anayesubiri sindano.

"Imeshaniandika?" akauliza.

"Imeshakuandika."

Alitazama zile taa. Geti likagongwa, akaruka, bega likagonga ukuta, mkasi umeshafika mkononi mwake kabla sijageuka. Sauti ya msichana ikaita kutoka nje, akisema amekuja kupimwa, harusi ni mwezi ujao.

Dada akavuta pumzi, akauweka mkasi mezani.

"Kusanya vyombo vyako utoke," akaniambia. "Mteja anataka kuvua nguo."